Mukau wa Kyuso kwa Mkono wa Mtu wa Kikima

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya misitu, Kitui, mapema miaka ya sitini, Afisa Misitu wa Wilaya aliniwekea mezani tawi la mti wa mukau, kisanduku cha rangi za maji na karatasi nene. "Chora ulichokiona," alisema. "Ulichosikia, kiache sokoni." Tulichora miti ya ukame ili maafisa wapya waitambue. Niliishi kwa amri hiyo, au nilidhani hivyo.

Baadaye nilipelekwa Kyuso, nyumbani kwetu, nikaletewa mwenzangu Mutua, mzaliwa wa Kikima, kwenye vilima vya ukungu. Tuliagizwa kila mmoja achore mukau wakati wa kiangazi. Mchoro mmoja tu ungeingia katika kitabu cha idara, pamoja na jina la mchoraji. Niliuhesabu kuwa wangu kwa kuzaliwa.

"Musyoka," Mutua aliniuliza, "mbona mti wako umevaa nguo za Krismasi?"

"Wako umevaa sanda," nikamjibu.

Alianza kwa kijivu kitupu, akifinya macho ili majani madogo yapotee, ibaki sehemu ya giza na sehemu ya mwanga. Hicho ndicho kiwango cha mwangaza. Palipong'aa jua hakupaka kitu; aliiacha karatasi yenyewe. Kisha akaleta kijani, akakipunguza ukali kwa tone la rangi nyekundu. Ukali huo wa rangi ndio mkolezo. Wengi huchanganya mambo hayo mawili, nami nilikuwa mmoja wao.

Usingizi wangu uliharibika. Nikamwendea Afisa, aliyekuja kukagua.

"Bwana, nasikia Mutua anafuatisha picha ya kamera."

"Ulimwona?"

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

Afisa akaichukua michoro yote miwili, akatuita nje hadi kwenye mti wenyewe, akaishikilia mbele yake. "Finyeni macho." Mukau wa Mutua ulibaki mti, wenye upande wa jua na upande wa kivuli. Wangu uligeuka doa moja la kijani.

"Nani alikuambia majani huwa ya kijani hivi katika vumbi hili?"

Tangu utotoni nilikuwa nikisikia kwamba mukau hubaki kijani miti mingine ikikauka, nami nikapaka maneno hayo. Mutua alitazama viatu vyake, hakucheka. Afadhali angecheka.

Mchoro wake ndio uliochapishwa. Mimi nilipandishwa cheo, nikahamishiwa Makueni, nikafundisha wachoraji kufinya macho na kuanza kwa kijivu, mpaka nilipostaafu miaka ya tisini. Kitabu ninacho rafuni. Kila kiangazi hukifungua nikitafuta kosa katika mukau ule, na sijalipata.

Wanafunzi wangu huiita kazi hiyo njia ya Musyoka, nami kwa miaka yote hiyo sikuwasahihisha. Hayo ni maneno ya kusikia. Njia ni ya Mutua wa Kikima. Nilimwona akiifanya kwa macho yangu, na mpaka leo inaniuma.