Mama Msasa na Picha ya Ufa

Chanda chema huvikwa pete, wasemavyo wahenga. Katika maabara hii ya metali, chanda chema huisugua pete mpaka ing'ae, kisha huvikwa chanda cha jirani.

Saa moja asubuhi, fundi wa maabara ambaye wanafunzi humwita Mama Msasa ameshainamia sahani inayozunguka. Vidole vyake vimebana kipande cha chuma kidogo kama kifungo cha koti. Maji yanachuruzika. Kila akibadilisha msasa, anakigeuza chuma robo mzunguko, ili mikwaruzo mipya ifute ya zamani.

"Usipogeuza, hadubini itakuonyesha uvivu wako tu," anasema.

Kwa miaka kumi na minne ameandaa vipande thelathini kila wiki, vya watu wa uzamili na uzamivu. Yeye ana stashahada. Majina yao hupanda kwenye tasnifu. Lake hubaki kwenye koti la kazi.

Alishazoea. Mpaka nafasi pekee ya utafiti ya mwaka huu, yenye ufadhili wa miaka miwili, ilipomwangukia mdogo wake wa tumbo moja.

Mdogo mtu alikuwa ameleta ekseli ya mashine ya kusaga, akitaka kujua imevunjikaje. Alisugua kutwa bila kugeuza. Picha ikatoka michirizi mitupu, naye akaangua kilio. "Dada, niokoe!"

Dada akaokoa. Alisugua siku tatu, akapaka tindikali kiduchu, na ufa ukajitokeza wenyewe. Ulianzia kwenye namba ambayo mafundi wa karakana waliigonga juu ya ekseli, wapate kuitambua.

Picha hiyo ndiyo iliyowakonga nyoyo wasaili. Chini yake palikuwa na jina moja tu, la mdogo mtu.

Ndugu walipokusanyika kumpongeza kitindamimba, Mama Msasa aliuliza mbele ya wajomba: "Hebu tueleze, mdogo wangu, kile chuma ulikigeuza mara ngapi?"

Mdogo mtu akatoka nje akijifuta macho.

"Wivu? Ninao," anamwambia mwandishi sasa, bila kupepesa macho. "Andika. Umenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Simchukii. Naitaka nafasi kama yake, basi."

Na safari hii mlango upo. Chuo kimeruhusu wenye stashahada waliofanya kazi maabara miaka kumi waombe utafiti. Maombi yanafungwa leo saa kumi jioni. Anataka kuchunguza namba zigongwe wapi, na kwa kina gani, ekseli isife mapema. Fomu imejazwa, picha ya ufa imebandikwa. Limebaki jambo moja: sahihi ya mtafiti aliyeitumia picha hiyo, akithibitisha ni nani aliyeandaa chuma.

Mlango unafunguliwa. Mdogo mtu anaingia, koti lake jipya lingali na mikunjo ya dukani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Fomu hiyo hapo."

Anaisoma yote. Anachukua kalamu, kisha mkono unasita.

"Mama anasema uniombe radhi kwanza. Uliniaibisha mbele ya watu, dada."

"Ulikigeuza mara ngapi?"



"Sikukigeuza hata mara moja."

"Basi andika hivyo hivyo," anasema Mama Msasa, akiusogeza msasa mpya chini ya maji. "Sahihi naomba. Radhi siombi."