Niliziba maikrofoni ya kuua kelele kabinini, sikio la Kabeya likafa

Wakuu, hamjambo.

Naandika nikiwa Hewa Bora, Lubumbashi. Nina miaka sabini na moja. Kifaransa kikiniponyoka mnisamehe, huku kwetu hatusemi bila hicho. Ninayosimulia niliyafanya kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo sitaongeza chumvi wala kupunguza.

Wiki iliyopita binti yangu alikuja kutoka Kolwezi, akaniletea headphones zile za noise cancelling. Umeme ulikuwa umekatika, jirani kawasha jenereta. Nikazivaa. Mungurumo wote ukatoweka.

Binti alidhani machozi yangu ni ya furaha.

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye ukumbi wa kompresa, mgodi mmoja njia ya Kipushi. Kompresa nne, kila moja kama nyumba, zikisukuma hewa kwenda chini kwa wachimbaji. Katikati ya ukumbi kulikuwa na kabini ya vioo. Ndani tulikaa wawili: mimi chef d'équipe, yaani mkuu wa zamu, na msaidizi wangu Kabeya, aliyeongea na watu wa chini kwa redio.

Wakuu, siku zile! Saa nne tunakula karanga na muhogo wa kuchoma, vioo vinatetemeka, chai kikombeni inapiga mawimbi madogo. Kabeya, ambaye wazazi wake walitoka Kasai, alikuwa besi wa kwaya ya parokia. Aliimba hata kazini, ila mimi nilijua anaimba kwa kuona koo lake linapanda na kushuka tu.

Mimi niliitwa Papa Sikio. Valvu ikianza kuchoka, niliisikia ndani ya mungurumo kabla mshale wa presha haujasogea. Wakubwa walinifuata nyumbani hata siku ya mapumziko. Nilijivuna sana.

Basi akaletwa injinia kijana, Madame Mireille. Akafunga spika ndani ya kabini, na maikrofoni moja juu ya kiti changu.

"Papa, sauti ni wimbi," akanieleza. "Mikro inasikia mungurumo, spika inatoa wimbi ya kinyume. Zote mbili zinakulana. Sauti ya muntu inabakia."

Akabonyeza swichi.

Nikamsikia Kabeya anatafuna karanga.

Kabeya mwenyewe akajaribu noti moja ya chini kabisa, akashtuka. "Chef! Niko nasikia sauti yangu!" Na ile redio, aliyozoea kuibana kwenye sikio la kulia ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, akaishusha nusu.

Siku ya tatu valvu ya kompresa namba mbili ikafa. Sikusikia kitu. Kabeya ndiye aliyeona mshale unashuka, mimi niko nakunywa chai.

Mafundi walipokuja walicheka hadi wakashika mbavu. "Masikio ya Papa Sikio imeenda congé!"

Eti yamekwenda likizo. Nikacheka nao. Moyoni nilikuwa naungua.

Kesho yake nilifika wa kwanza. Nikaiziba ile maikrofoni kwa chindi la kufutia mafuta, juu yake nikatundika koti langu. Koti la chef halina anayeligusa, ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mtambo, kwa kutosikia vizuri, ukaanza kutoa mvumo mbaya kuliko kelele yenyewe. Nikaandika kwenye rejista kuhusu mtambo: appareil inasumbua.

Mireille akiitwa, natoa chindi mapema. Anapima, kila kitu sawa. Akiondoka, narudisha.

Mwezi haukuisha, akaja kuung'oa mtambo wake. Alikuwa karibu kulia. "Papa, pardon. Nimeshindwa."

Nikamjibu, "Haina neno, mutoto." Hebu fikirieni. Mimi ndiye nilikuwa namsamehe yeye!

Mungurumo ukarudi, na mimi nikawa Papa Sikio tena. Kabeya akafungua redio yake hadi mwisho, akaibana sikioni, miaka sita mingine mpaka pensheni.

Sikio la kulia likafa. La kushoto likafuata hadi katikati. Kwaya ikawa inaanza, yeye anaingia amechelewa, tena nje ya sauti. Maestro akamwomba apumzike. Siku hizi hukaa benchi la nyuma, midomo imefungwa.

Najua mafundi humu mtasema labda angeziwika tu, ukumbi ule ulikuwa na kelele za kila aina, na mtambo ulikula mungurumo peke yake. Inawezekana. Lakini uamuzi haukuwa wangu. Sikio lilikuwa lake.

Jumamosi nikaenda kwake. Nilikuta mke wake anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani, Kabeya amekaa kwenye kiti. Nilipanga kumwambia polepole, mtu na rafiki yake.

"Kabeya, mashine ya Mireille haikuharibika. Mimi njo niliiziba."

"Ati?"

Nikapaza sauti. Mchi ukanyamaza.

"Sema tena."

Nikapiga kelele, wakuu, mzee mzima. "MIMI NJO NILIZIBA MIKRO! KWA CHINDI! JUU YA KIBURI!" Majirani walikuwa wamesimama kwenye ukuta.

Kabeya akageuka, akawatazama majirani wale.

"Mara ya kwanza nilisikia," akasema. "Nilikuwa nataka na bantu basikie." Kisha akaongeza, bila hasira, "Sasa enda. Nitatuma muntu akuite."

Leo ni Jumatano. Hajatuma mtu.

Nilichojifunza: sifa ya kazi ni tamu, lakini angalia usije ukaishikilia kwa mwili wa mwenzako. Na Mireille, kama unapita humu, kazi yako ilikuwa nzuri.

Ninyi mliowahi kumkosea rafiki wa miaka arobaini, nishaurini. Ningoje aniite, au niende tena?