Kamera Tropikalize

Siku hizi nikisikia neno "tropikalize" damu inanichemka, na kwa kuwa kazi yangu ni picha nalisikia mara nyingi. Ni neno la Kifaransa. Husemwa juu ya kamera iliyozungushiwa mipira kwenye maungio yake ili maji na vumbi visiingie. Hebu lisikilize lenyewe. Mtu aliyezaliwa Kamembe, ambako viatu huota ukungu kabatini, akiambiwa kitu kimefanywa tropikalize ataelewa nini? Ataelewa kwamba hatimaye kuna mtu kakaa huko aliko akamfikiria. Mimi nilielewa hivyo, na mpaka leo nasema nilikuwa na haki.

Nina studio ndogo hapa Kamembe. Kamera ninayoisema ni ile kubwa, nzito, ambayo mgongo wake huchomolewa. Mgongo huo ndio unaoshika picha, na ukizeeka unauagizia mwingine, mwili unabaki ule ule. Ndiyo niliyompigia baba yangu kabla hajafariki, amevaa koti lake la kahawia. Picha ilitoka kubwa kama nusu ya mlango. Inaning'inia sebuleni kwa mama, Mururu, na ukiisogelea unaona hadi uzi uliochomoza kwenye kola.

Mama mwenyewe, ukiacha picha ya kitambulisho, alikuwa amegoma kupigwa picha maisha yake yote. Harusi zetu zote yuko nyuma ya mtu fulani, au amejishughulisha na sufuria. Nilishakata tamaa naye. Halafu kiangazi kimoja, tumekaa tunachambua maharage, akanyoosha kidole ukutani, kando ya picha ya baba.

"Ile fasi ya pembeni ya papa yenu ni yangu," akasema. "Lakini sitakaa ku kiti. Miye sikukalaka ku kiti. Unipige foto mvua ikinyesha, niko na jembe."

Nikamwambia tusubiri jua, tupige na jembe hilo hilo. Akaniangalia kama mtu aliyezaa mpumbavu.

"Mu jua napanda nini? Hii saison ya kupanda njo ya mwisho, mwanangu. Magoti imekatala. Kisha hapa shamba ni ya kaka yako."

Basi. Mvua ya kwanza ya kupandia, jembe, na nafasi moja. Nilielewa kwamba hatasema tena.

Sasa, ng'ambo ya mto Rusizi, wapiga picha wenzangu wa Bukavu wakikutwa na mvua huvalisha kamera sachet, mfuko wa plastiki, wakatoboa tundu la lensi, wakaendelea na kazi. Kwetu sachet zimekatazwa. Pale mpakani, Rusizi ya Kwanza, nimeona mama wa watu ananyang'anywa aliyofungia samaki, samaki wakabaki mikononi. Mwavuli nao nilishaujaribu. Kamera ile inataka mikono miwili, na sina wa tatu. Kwa hiyo nikaipeleka kwa wakala mmoja Kigali. Nilitaka mgongo mpya, na nilitaka kila maungio yatiwe mpira.

Yule wakala alikuwa na sauti laini ya watu wanaouza vitu vya mbali. "Bila wasiwasi, Madame. Itarudi tropikalize kabisa," akaniambia. Kabisa! Neno hilo alilitamka yeye, mimi sikumlazimisha.

Iliporudi niliipeleka Mururu kumwonyesha mama. Nikamwonyesha ule mpira mweusi, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, uliozunguka mahali mgongo unapokutana na mwili. Akauliza tropikalize ni kusema nini. Nikamjibu: "Ni ya inchi za joto na mvua nyingi, sawa hapa kwetu."

"Kumbe!" akasema. "Kumbe bazungu batufikiriaka."

Tulicheka sana siku ile, na hata kicheko kile sasa kinaniudhi.

Mvua ilikuja asubuhi, kutoka upande wa Bukavu, ikavuka ziwa na kupanda mlima kuja kwetu. Kaka yangu alishuka shambani na mwavuli ili amfunike mama. Akafukuzwa, nami sikumwita aifunike kamera: si ilikuwa tropikalize? Mama alikuwa ameshaanza mstari wake: jembe moja, mbegu, udongo kwa mguu, jembe tena. Nikapiga picha kadhaa za kujaribu mwanga. Kilemba, mgongo uliopinda, mikono. Sikuwa na haraka. Nilijua kwamba mwisho wa mstari atasimama mwenyewe kupumua, na hapo ndipo nitakapompata mzima, uso na jembe.

Akasimama. Akaweka jembe begani, maji yakimtiririka usoni, akanitazama moja kwa moja, akacheka. Mama yangu! Mwanamke aliyejificha nyuma ya watu tangu nimjue alikuwa ananicheka kwenye lensi kama msichana.

Nikabonyeza. Kioo cha nyuma kikatoa mistari ya kijani, kisha kikawa cheusi. Nikabonyeza tena. Nikaingiza kamera ndani ya kitenge changu, nikabadilisha betri. Kimya. Nilipochomoa mgongo, maji yalikuwa yamejaa kwenye ule mfereji wa mpira kama yaliyomiminwa makusudi. Nikatoa simu. Kioo kikalowa papo hapo, kikawa hakisikii kidole, naisugua na nguo iliyolowa zaidi yake. Kaka yangu simu yake aliiacha nyumbani kwenye umeme. Muda wote huo mama alikuwa amesimama, anashikilia kile kicheko kwa ajili yangu, nami nakitazama kikigeuka kazi, kisha kikiisha.

"Umenipata?"

"Apana, Mama."

Alishusha jembe, akainama kwenye mstari uliofuata, maana maharage yalikuwa hayajaisha.

Nilimpigia wakala nikiwa bado nachuruzika maji.

"Madame, muliitumikisha ku mvua?"

"Si ulisema tropikalize?"

"Tropikalize apana etanshe, haikatazake mayi yote, Madame. Ni ya vumbi, na matone kidogo. Ku mvua munashika parapli."

"Kuko mvua ya namna gani mu tropiki, ya matone kidogo?"

"Mvua ya kwenu ni nyingi, Madame."

Yaani kosa ni la mvua yetu! Niliyomjibu siwezi kuyaandika, na kaka yangu, ambaye si mtu wa aibu, alisogea mbali. Wanaozitengeneza hukaa mahali pakavu, wakainyunyizia kamera maji kidogo kama mtu anayemwagilia ua la dirishani, wakaubandika unyunyu huo jina letu. Tropiki gani hiyo waliyoiona? Jina ni letu, mvua ni yetu, ila kamera ilitengenezewa mtu anayekuja kututembelea wiki mbili za kiangazi. Nina hasira nao, na sitaki kuambiwa nipoe.

Kamera niliirudisha kwa wakala, ikarudi maharage yakiwa yameshavunwa. Wamebadilisha mpira, wamekausha, wamesafisha, inafanya kazi vizuri ajabu. Mama, magoti yake hayakungoja. Hata kwa fimbo hawezi tena kuteremka shambani, na mke wa kaka yangu ndiye anayelima ule mstari. Nilipoingia na begi langu alikuwa mlangoni, kwenye kiti. Akajifunga kitenge kipya, akaweka mikono mapajani, akasema nipige, basi, imalizike.

Nikapiga. Mwanga ulikuwa mzuri, hakuna tone lililoanguka. Picha ni kali kiasi kwamba unaweza kufuata kila mkunjo wa mkono wake. Inaning'inia pembeni ya baba, saizi sawasawa. Wageni huisifu. Husema, "Maman amepumzika, anapendeza," na mama huwajibu kutoka kwenye kiti kile kile, bila hata kugeuka kuitazama:

"Uyo apana miye. Miye nilikuwaka mu shamba."

Wao hudhani anatania, hucheka. Mimi hutoka nje nisije nikawatukana.