Unga Tulioutundika Mtini

Mtu alikuwa ameosha sufuria yetu. Tuliikuta imefudikizwa juu ya mafiga, safi, imesuguliwa kwa mchanga hadi inang'aa. Kwenye tawi tulipotundika mfuko wa unga ilibaki kamba tu. Shemeji yangu, ambaye bado alikuwa akitembea na fimbo, aliitazama kamba ile, kisha akakaa chini.

Shemeji ni mume wa dada yangu. Anaishi Nemba na analima kama majirani zake, lakini pia ana mizinga msituni, mwendo mrefu wa miguu kutoka nyumbani. Mimi natoka Keza, na nilikuwa nimemwomba mara nyingi anichukue msimu wa kurina asali. Nilishuka basi Lusahunga nikapanda pikipiki hadi kwake, mgongoni begi la mtumba lenye mikanda ya kifuani. Ndani kulikuwa na jiko dogo la gesi, sahani, vikombe, dagaa na sabuni. Alivitoa kimoja kimoja akavipanga mkekani.

"Shemeji, unahama au unatembea?"

Gesi ilibaki kwa sababu inanuka. Dagaa na sabuni vilibaki kwa sababu hiyohiyo: warinaji wa kule wanaamini kwamba nyuki huchukia mtu mwenye harufu kali. Chakula chetu chote kiliingia ndani ya sufuria moja nyepesi: unga wa muhogo, karanga zilizokaangwa na kutwangwa na chumvi, na kiberiti kilichozungushiwa nailoni. Kifuniko ndicho kingekuwa sahani, na mwiko tungechonga hukohuko. Aliniambia kuwa ugali wa muhogo huiva upesi kuliko wa mahindi, kwa hiyo hata kuni si nyingi.

Unga tunaokula siku zote ni wa udaga. Mihogo michungu huloekwa mpaka ilainike na kunuka, ndipo ianikwe; kuchacha huko ndiko kunakoitoa sumu. Lakini udaga, kwa harufu yake, hauendi kwenye mizinga. Kwa safari hizo dada yangu humtayarishia mumewe mihogo mitamu ya nyuma ya jiko, ambayo humenywa na kuanikwa tu. Msimu ule dada alikuwa kwetu Keza akimuuguza mama, na shemeji akajing'olea mwenyewe. Mihogo mitamu haikutosha, akaongezea kidogo ile michungu ya shamba la chini. Yote aliianika pamoja juu ya bati. Unga ulitoka mweupe kama chokaa, hauna harufu hata kidogo. Aliupitisha puani mwangu akijisifu kwamba mwanamume naye anaweza.

Kesho yake tulirina mizinga ya kwanza salama, tukapika mchana kwenye kambi ya warinaji, karibu na kijito. Tonge la kwanza lilikuwa chungu. Nililimeza, nikala jingine moja, nikaacha na kurudi kwenye karanga.

"Watu wa Keza mnaogopa muhogo," akasema. Naye aliuhisi uchungu, lakini alikuwa na asali mbichi mbele yake. Akachovya, akala, akachovya tena mpaka kifuniko kikawa cheupe.

Baada ya kula alinikabidhi unga uliobaki niutundike. Ndiyo desturi yao: aliye na akiba huiacha kambini kwa ajili ya atakayepita, na atakayekula huacha chochote alicho nacho, kiberiti, kipande cha kamba, chumvi. Nilikuwa nakaza fundo nilipomsikia akiacha kusugua sufuria. Alikuwa ameshika kichwa. Akatapika, akajaribu kusimama, miguu ikakataa. Pumzi zake zilikuwa fupi na za haraka, kama za mtu anayekimbia.

Nilimburuta, nikambeba, nikamburuta tena hadi kwenye njia ya pikipiki. Sufuria niliiacha na ukoko wake. Mwenye pikipiki aliyekuwa akipita alimweka katikati yetu, nami nikamshikilia kwa nyuma hadi zahanati. Mganga aliuliza tulichokula. Nilipotaja muhogo, akauliza kama uliloekwa. Nikamwambia sijui.

Shemeji alipoweza kusema, hakuuliza habari za miguu yake.

"Ule unga?"

"Niliutundika, kama ulivyosema."

Akafumba macho. "Pale wanapita watu."

Tuliwapigia simu warinaji wote tuliowajua. Mwenyekiti wa kijiji aliwatangazia watu wasiguse unga wa msituni. Sikuweza kuipata kambi peke yangu, na mwenzake shemeji wa kurina alikuwa amesafiri. Shemeji aliponyanyuka kwa fimbo, tukaondoka.

Ndipo tukaikuta sufuria imeoshwa. Mafigani kulikuwa na majivu yasiyo yetu. Kopo la asali tuliloliacha lilikuwa tupu.

Shemeji aliinua sufuria. Chini yake kulikuwa na chumvi, imefungwa vizuri kwenye kipande cha jani la mgomba. Huko msituni hakuna migomba. Aliyekula alikuwa ametoka kwenye boma la mtu, na aliijua desturi.

Kamba haikukatwa. Fundo langu lilifunguliwa taratibu, na unga uliobaki ukaondoka na mfuko wake. Tumeuliza Nemba nzima, tumeuliza wachoma mkaa, tumerudi zahanati mara kadhaa kuuliza kama kuna mwingine aliyeletwa. Kila mrinaji anasema si yeye. Chumvi ile shemeji ameiweka darini, hataki itumike, na hakuna aliyekuja kusema ni yake.