Fausta Alipotoa Saa Mara Mbili

Fausta ni fundi cherehani, na mdomo wake ni mkali kuliko mkasi wake. Tunduma nzima inalijua hilo, lakini anayelijua zaidi ni mdogo wake Yonathani, aliyehamia Lusaka zamani. Miaka sita iliyopita, walipomaliza kumzika mama yao kijijini Ndalambo, Fausta alimwambia mbele ya ukoo mzima: "Wewe Mzambia, hapa huna shamba." Yonathani alichukua begi lake akaondoka. Hawakusemezana tena.

Ijumaa moja wifi yake Irene akapiga simu kutoka Lusaka. Yonathani alikuwa hoi hospitalini, na daktari hakuwa na hakika kama ataiona kesho jioni. Fausta akaapa kwamba msamaha wa jambo zito hauombwi kwenye simu. Atauomba uso kwa uso. Lakini Lusaka ni kilomita elfu moja na ushee, saa kumi na tano gari lisipoharibika. Basi la mwisho la siku hiyo lilikuwa linatoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, saa tisa alasiri kwa saa za kule. Akilikosa, mpaka kesho, na kesho angekuwa amechelewa.

Akaitazama simu: saa saba na nusu. Nakonde wako nyuma yetu kwa saa moja, na Fausta ameshonea wateja wa pande zote mbili miaka thelathini. Kutoa saa moja kichwani kwake ni kama kupiga chafya. Basi akatoa. Kule ni saa sita na nusu, nafasi tele. Akaketi kumalizia upindo wa sare za kwaya.

"Mama, ziache, nenda tu," Agnes wa kwaya akamsihi.

Wapi! Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa, na mwenye kuogopa hana haraka ya kufika.

Kumbe simu yake ilikuwa imeshadaka mnara wa Zambia tangu asubuhi, ikajirudisha nyuma yenyewe. Saa moja ile ile ikatolewa mara ya pili.

Alishona saa nzima. Akapanda bodaboda, ikapenya katikati ya malori, akapanga foleni ya uhamiaji huku akitafuna kucha. Akaingia stendi ya Nakonde akihema, akijihesabia kuwa bado dakika hamsini.

"Bamayo, mama yangu, basi la Lusaka limeondoka," mkata tiketi akamwambia. "Saa tisa kamili. Hii ni saa tisa na dakika kumi."

Fausta akabisha, akaitukana simu, akamtukana na mkata tiketi. Halafu akalitua begi lake chini. Akapiga Lusaka.

"Wifi, mwekee simu sikioni."

Pale pale, katikati ya wapiga debe na wauza mikate, Fausta akaongea Kinamwanga kwa sauti, bila kujali nani anasikia. Alimkosea. Shamba ni lao wote. Yeye ni damu yake, wametoka tumbo moja, amsamehe. Alitaka kuja kuyasema mwenyewe lakini gari limemwacha, na Lusaka ni mbali, mbali mno. Alikuwa analia.

Upande wa pili ilisikika pumzi tu, nzito, ya kukatika katika.

"Dada," Yonathani akasema taratibu, "miaka yote hii sita, simu hukuwa nayo?"

Fausta akaketi juu ya begi lake.

"Nilikuwa nayo," akasema.