Mkasi wa Mama Vifungo

Mtaani walimwita Mama Vifungo, na jina hilo alibandikwa na mumewe mwenyewe. Mteja akiuliza yule mwanamke nyuma ya pazia ni nani, Fundi Mkuu, maana ndivyo mume alivyopenda kuitwa, alijibu huku akicheka, "Mke wangu huyo. Ananishonea vifungo."

Vifungo gani, jamani! Miaka kumi na saba mwanamke yule ndiye aliyekata kila koti lililotoka dukani mle, amesimama mezani mpaka miguu inavimba. Mume kazi yake kuchukua vipimo, kupiga soga na kupokea sifa. Nyuma ya pazia hakutia mguu ila kuulizia chakula.

Chuo cha ushonaji kilipotangaza nafasi ya mwalimu wa ukataji, Mama Vifungo alijaza fomu. Mumewe akaiona, akaichana vipande viwili.

"Wewe ukawafundishe wanaume kukata suti? Usinichekeshe."

Kesho yake akajaza fomu yake mwenyewe, akaipeleka pamoja na koti la kijivu alilokata mkewe, eti kazi ya mikono yake. Akaitwa kwenye majaribio.

Hapo roho ya mwanamke ikageuka. Hakulia, hakugomba. Alitaka mtu yule aumbuke, tena hadharani, naye awepo ashuhudie kwa macho yake.

Asubuhi ya majaribio mume alikuwa mbele ya kioo, anahangaika na tai.

"Niwekee vitu kwenye mkoba. Tepu, chaki, na ule mkasi mzuri."

"Upi?"

"Ule unaokatia siku zote! Mpaka nikufundishe kila kitu?"

"Haya, baba watoto."

Akauweka kama alivyoagizwa, akambebea mkoba mpaka chuoni.

Mbele ya wakaguzi Fundi Mkuu alitandaza kitambaa, akajitia kuchora, akashika mkasi. Wapi! Kitambaa kilijikunja katikati ya mkasi, hakikukatika. Akakaza mkono, kikatafunika. Jasho likaanza kumtiririka.

Mkuu wa chuo, mama mwenye miwani, akauchukua mkasi akaugeuzageuza. "Fundi, huu ni mkasi wa mtu wa mashoto. Wewe unakatia mkono gani?"

Mume akatazama mkono wake wa kulia, kisha akamtazama mkewe. Miaka yote hiyo, na hakujua mkewe anakata kwa mkono upi! Wakamwazima mkasi wa kawaida, akakata mkono wa koti ambao hata mtoto asingeuvaa.

"Mkasi huu ni wa nani basi?" mkuu wa chuo akauliza.

"Wangu," Mama Vifungo akasema. "Na lile koti la kijivu ni langu."

Akasogea mezani, akaushika kwa mkono wa kushoto, akakata. Kitambaa kikaachana moja kwa moja. Raha aliyoisikia, weee! Alitamani kitambaa kisiishe.

"Umeniaibisha mbele za watu," mume alifoka walipofika nyumbani.

"Uliagiza mkasi mzuri, nikakuwekea."

Jumatatu, Mama Vifungo akiwa njiani kwenda kufundisha chuoni, alipitia dukani akaling'oa pazia. Mumewe alikuwa ameduwaa mbele ya koti la mteja. Akamsogezea kopo la vifungo.

"Anza na hivi, baba watoto. Nikirudi nitavikagua."