Bibi Harusi Ndani ya Gari Lisilo na Kitasa

Matarumbeta yalikatika katikati ya wimbo. Nikachungulia kwenye upenyo wa kanga tuliyozibia dirisha, nikamwona mpiga ngoma kubwa anatimua mbio na ngoma yake tumboni, kama mjamzito anayefukuzwa na nyuki. Nyuma yake mashangazi wa bwana harusi, viatu mkononi, mitandio inabaki njiani. Hakuna aliyegeuka. Mwanamume mmoja akapiga ukelele: "Betri hiyo! Inalipuka! Kaeni mbali!"

Waliokuwa na uwezo wa kukaa mbali ni wao. Sisi tulikuwa ndani, mimi na bibi harusi, kiti cha nyuma cha gari la umeme. Milango haifunguki, vioo havishuki, kiyoyozi kimekufa, na moshi umejaa mpaka uso wa mtoto wa watu niliyekabidhiwa siuoni. Nilikuwa nimemshika mkono. Mkono ulikuwa umeanza kulegea.

"Somo," akaniambia huku anakohoa, maana huku kwetu mwari humwita hivyo kungwi wake, "mbona hili hukunifundisha?"

Wiki nzima nilikuwa namfunda yule binti. Nilimfundisha kumpokea mume, kumstahi mkwe, kunyamaza penye kunyamaza na kusema penye kusema. Kushuka kwenye gari sikumfundisha. Nilidhani mtu anajua. Hata mbuzi wa Kiwangwa akipakiwa kwenye pikapu anajua pa kutokea.

Sasa nieleze ilivyoanza, kwa sababu Bagamoyo nzima inaujua mwisho wake na inausimulia vibaya.

Mimi ni kungwi. Shule niliacha darasa la nne, lakini mabinti wengi wa mji mkongwe wamepita mikononi mwangu, na hakuna harusi yangu iliyowahi kukimbiwa na wapiga ngoma. Siku ya harusi kazi yangu haina mambo mengi. Binti atoke kwao amefukizwa, amefunikwa, afike kwa mumewe hajaonwa na mtu na udi haujamtoka mwilini. Ndiyo maana chetezo husafiri nasi. Naweka chini, kati ya miguu yangu, makaa machache, kipande cha udi, kioo nashusha kidogo moshi upumue. Nimefanya hivyo kwenye teksi, kwenye mabasi madogo, na mwaka mmoja wa mvua hata kwenye lori la mchanga. Lori lile lilikuwa limechakaa, mlango wake umefungwa kwa kamba ya katani. Ukifungua kamba, umeshuka.

Wahusika nitawataja kwa nafasi zao. Majina wanayajua wenyewe.

Wa kwanza ni mjomba wa bwana harusi. Huyu anaishi Dar, na kila akija Bagamoyo huja na kitu kipya cha kutuonyesha. Safari hii alikuja na gari la umeme, jeupe, limepambwa maua, akaliegesha mlangoni kwa mama wa bibi harusi na kusimama pembeni yake kama aliyelizaa.

"Harusi ya kisasa hii, Bi Mkubwa," akaniambia. "Halina moshi, halina kelele, haliharibu mazingira."

"Na kitasa halina?"

Akacheka mpaka akashika kiuno. Kitasa kipo, akasema, kimejificha tu. Dereva akagusisha kadi kwenye mlango, kitasa kikachomoza polepole kama kichwa cha kobe. Alipokwisha kufungua, kikarudi ndani, mlango ukabaki mtupu kama ukuta wa nyumba.

"Kinajificha nini?"

"Upepo, Bi Mkubwa. Gari likikimbia, upepo haukwami."

"Kwa matuta haya ya barabara yetu, linakimbia kwenda wapi?"

Mama wa bibi harusi akanikanyaga mguu. Wakwe hao, ninyamaze. Nikanyamaza, na mimi ndiye niliyekuwa nafundisha penye kunyamaza.

Ndani nikakuta mambo mengine. Sakafu imeinuliwa ili betri ilale chini yake, kwa hiyo ukikaa nyuma magoti yanakutana na kidevu. Kwa mtu aliyevaa gauni la harusi na mikufu ya bibi yake, hicho si kiti, ni adhabu. Mbele hakuna swichi wala kitufe cha maana, kuna skrini kubwa kama televisheni ya baa, na maandishi yake ya Kichina. Dereva, ndugu aliyevaa suti na tai, akanitoa wasiwasi: "Mama, mimi naenda kwa picha tu." Maana yake alikuwa hajui kusoma gari lake. Mimi wa darasa la nne nilijisikia nimepata mwenzangu.

Lakini lililonimaliza ni paa. Paa lote kioo, halina pazia. Aliyelichora alitaka abiria waone nyota. Sisi tulikuwa na bibi harusi wa kufichwa, na jua la saa tisa alasiri.

"Mwanangu si samaki wa kwenye friji la duka," mama yake akasema, mbele ya wakwe haohao.

Ikabidi tufanye wenyewe. Kanga kubwa tukaitandaza juu ya paa, pembe zake tukazibana kwa milango. Nyingine tukazibana juu ya vioo vya pembeni, tukavipandisha mpaka mwisho. Ule upenyo wangu wa kupumulia moshi ukapotea. Dereva akasema usiwe na hofu, mama, hewa ya ndani inajisafisha yenyewe. Kweli, kwa muda ilijisafisha. Tulipita Kiromo na Zinga kwa raha zetu, baridi safi, udi unanukia, bibi harusi anasinzia. Mtu mkweli husema na zuri.

Kerege tukasimama. Pikapu ya matarumbeta ilikuwa imebaki nyuma, na Mapinga, alikokuwa anaolewa binti, usingeweza kuingia kimyakimya kama unapeleka mgonjwa. Mhusika wa pili, huyo wa suti, akashuka na kadi yake na simu yake, akaenda kupiga picha na gari kwa mbali.

Sasa sikilizeni akili ya chombo kile. Gari likaangalia kiti cha dereva, likaona kitupu, likaamua safari imekwisha. Skrini ikazima. Kiyoyozi kikakata. Sisi tuliokuwa nyuma hatukuhesabiwa. Nikabonyeza kile kitufe kilichowekwa badala ya kitasa, kimya. Nikabonyeza cha kioo, kimya. Nikabonyeza kila kilichobonyezeka, hadi kishikio cha chupa. Jua lilipenya kanga kama haipo. Jasho la bibi harusi likaanza kuchukua wanja na kuushusha shingoni.

Mara matarumbeta hayo yamefika. Yakatuzunguka, watu wakashuka magari yote, wakacheza. Nikapiga kioo kwa kiganja. Walio nje wakanijibu kwa makofi, kwa mdundo uleule. Nikapiga ngumi. Wakaongeza kasi. Nikapiga kelele, "Fungueni! Tunakufa!" Shangazi mmoja wa bwana harusi akaweka mdomo kwenye kioo akanipigia kigelegele kirefu, kisha nikamsikia anawaambia wenzake: "Kungwi wa Bagamoyo leo kachangamka!"

Ndipo nikaona nizime chetezo, hewa ibaki hata ile kidogo. Sikuwa na maji. Nilikuwa na mrashi, nikamimina marashi yote juu ya makaa. Aliyewahi kumwagia makaa maji ndani ya chumba kilichofungwa anajua kilichofuata. Moshi ulipanda mweupe, ukafika kwenye kioo cha mbele ambacho hatukukiziba, na walio nje wakauona.

Kila mtu pale alikuwa na simu, na kila simu imeshamwonyesha gari la umeme likiungua huko ng'ambo, jinsi moto wake haukubali maji na jinsi watu wanavyosimama mbali. Wote wakakumbuka elimu yao kwa pamoja. Wa kwanza kukimbia alikuwa wa suti.

Hapo ndipo nilipoanzia: mkono umeanza kulegea, na binti ananiuliza mbona hakufundishwa.

Kukimbia kwao kulitusaidia kwa jambo moja. Palikuwa kimya. Kwa mara ya kwanza mtu angeweza kutusikia, na sisi tukamsikia mjomba, kajificha nyuma ya rundo la matofali ya kuuza, simu sikioni.

"Bi Mkubwa! Mnanisikia?"

"Njoo ufungue!"

"Naongea na aliyeniuzia! Anasema tusisogee!"

"Yeye yuko wapi?"

"Dar!"

"Mwambie moshi huu hautamfika, asiogope!"

Akasikiliza simu. "Anasema mlangoni, chini, kuna mfuko. Ndani ya mfuko kuna zulia dogo la mpira. Litoe!"

Nikapapasa. Lilikuwa limebandikwa. Nikalitoa.

"Nimetoa!"

"Chini yake kuna kifuniko! Kifungue kwa bisibisi!"

"Bisibisi? Niko harusini mimi, niko gereji?"

Bibi harusi akapandisha mkono kichwani, kwa uvivu kama mtu anayeota, akachomoa pini ndefu iliyoshika shela, akanipa. Nikachokonoa. Pini ikapinda, nikamalizia kwa ukucha, ukucha ukabaki kule kule. Ndani kulikuwa na waya mwembamba, umekunjwa, hauonekani, unaotafutwa kwa kidole kinachotoka damu. Nikauvuta kwa nguvu zote nilizobakiza na mlango ukaachia.

Tulianguka vumbini pamoja. Binti aliyefichwa wiki nzima akalala kando ya barabara uso wazi, shela limebaki garini, malori ya Chalinze yanapunguza mwendo ili yaone vizuri. Mtu pekee aliyetukaribia alikuwa mama anayekaanga mihogo pale. Alikuja na ndoo, akammwagia binti maji kichwani na gauni lake lote, akamgeuza ubavu mpaka akavuta pumzi yenye sauti. Hakuuliza betri ya nani.

Gari halikuungua. Lipo mpaka leo, linapeleka maharusi wengine. Jioni ile fundi akaeleza: betri kubwa ilikuwa na moto wa kutosha kwenda Chalinze na kurudi. Iliyokufa ni ndogo, kama ya teksi yoyote, na milango yote inategemea hiyo ndogo. Kwa hiyo tulikuwa tumekalia umeme wa kuwasha mtaa mzima, na hapakuwa na umeme wa kufungua mlango. Kuna mtu alikaa mezani, kasoma sana, kanywa kahawa yake, akapanga hivyo. Kisha akachukua ule waya wa kuokoa roho akauficha chini ya kifuniko, chini ya zulia, ndani ya mfuko, ili usiharibu sura ya mlango. Huyo ndiye mhusika wangu mkubwa, na ndiye asiyejua kama nipo duniani.

Ndoa ilifungwa, bibi harusi anakohoa. Na kabla pilau halijapakuliwa, kesi ilikuwa imeshahukumiwa. Muuzaji alisema kwa simu kwamba gari halina kosa, tatizo ni matumizi yasiyofaa: nani anaingia na makaa ndani ya gari? Na zile kanga milangoni? Mjomba akayarudia maneno hayo mbele ya wazee, kwa sauti ya huruma, kama anayenitetea. Wa suti akasema yeye alikwenda kutafuta msaada. Na kuna picha ya video, mnaifahamu, inanionyesha mimi nikitambaa kutoka mlangoni, nywele wazi, chetezo mkononi. Sijui nilikishika saa ngapi. Video inaanzia hapo. Haimwonyeshi mtu anabonyeza kitufe kisichojibu.

Sasa naitwa kungwi wa betri. Watoto wa mtaani wakiniona wanasema "shikamoo," nikishaitikia "marahaba" wanakimbia wakipiga kelele "inalipuka!" Hilo nalivumilia, watoto ni watoto. Lisilovumilika ni la wazazi wao. Nyumba ya pili kutoka kwangu imeozesha majuzi. Nilimfunda mama wa binti wao, na shangazi zake wote. Safari hii wameleta dada wa Dar mwenye manukato ya chupa. Mama mtu akaja kunieleza, kwa adabu zote, hakutaka nisikie kwa watu.

"Somo, wewe pumzika. Umeshafanya kazi sana."

"Nimechoka lini?"

"Si hivyo. Wakwe wanaogopa."

"Wanaogopa udi?"

Akaangalia chini. "Wanasema usalama, somo."

Wanapanda gari lilelile, tena. Chetezo ndicho kilichoachwa nyumbani.

Mimi simkatazi mtu gari la umeme. Mafuta yamepanda, na moshi wa malori nimeumeza kutosha. Tena mtu akiniambia makaa si ya kuingia nayo garini, nitamsikiliza, tutabishana, pengine atanishinda. Lakini makaa hayafungi mlango. Tungeingia bila chetezo, bila kanga, jua lile na kioo kile vingetumaliza taratibu, na matarumbeta yakitupigia. Tungetolewa wakavu.

Kwa hiyo mjomba, na wewe uliyemuuzia, nyumbani kwangu mnapajua au mtaulizia. Radhi ya kuniomba pembeni siitaki. Njooni na gari lenu, niwaite wanawake walewale waliokimbia, na wazee walewale waliosikia hukumu. Muuzaji akae nyuma, dereva ashuke na kadi, tusubiri lizime. Akitoka kabla hajaloa jasho, nitakubali kwamba kosa ni langu na kazi hii nitaiacha. Akishindwa, aseme hapohapo, kwa kinywa chake, tena kwa sauti ifike mpaka kwa huyo aliyechora: mtu akitaka kushuka kwenye gari hili na umeme haupo, mlitaka afanyeje?